Tope la ziwa lina habari tusizozifundisha

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba msemo huo uliwahusu wanadamu pekee, hususan wazee wetu ambao wakikohoa tu barazani vijana hunyamaza. Leo naomba ruhusa ya msomaji nimjulishe kwa mzee mwingine, aliyeishi kuliko ukoo wowote na kuona mengi kuliko mfalme yeyote, lakini ambaye ni nadra kuulizwa swali katika madarasa yetu. Mzee huyo ni ziwa, na ushuhuda wake umo katika tope lililolala chini ya maji yake.

Kisa cha kuandika haya kilianzia darajani. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua kubwa, nilisimama kando ya daraja la Mto Nzoia karibu na Mumias pamoja na wanafunzi wa shule ya upili niliokuwa nimealikwa kuzungumza nao. Mto ulikuwa umefura, na maji yake yalikuwa mekundu mithili ya tofali bichi. Niliwauliza mto ule ulibeba nini. Wakajibu kwamba ulibeba udongo wa mashamba, tangu milima ya Cherangani na Elgon hadi viunga vya miwa vya hapo Mumias. Niliwauliza ulikuwa ukiupeleka wapi. Wakajibu kwa sauti moja: Ziwa Victoria. Basi nikaridhika, nikadhani somo limekwisha.

Ndipo msichana mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, kitabu chetu kinasema kwamba tabia ya nchi ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa muda wa miaka thelathini au zaidi. Je, kabla ya vipimo vya mvua kuletwa huku, ni nani aliyekuwa akiandika?"

Nilimjibu kwa haraka ya mtu mzima asiyetaka kuonekana hajui. Nilimwambia kwamba hapakuwa na mwandishi. Jibu hilo lilininyima usingizi, kwa sababu si la kweli. Mwandishi alikuwapo, na alikuwa akipita mbele ya macho yetu wakati ule ule tulipokuwa tukizungumza. Makala haya ni deni langu kwa msichana yule, na nimeona nililipe hadharani, maana yamkini wako walimu wengine waliowahi kulijibu swali hilo kama nilivyolijibu mimi.

Tuanze na ukweli kwamba kumbukumbu zetu za kuandikwa ni fupi mno. Kiwango cha maji ya Ziwa Victoria kilianza kupimwa kwa mpangilio mwaka 1896. Hata tukijumlisha kila daftari la mvua lililowahi kutunzwa na wamisheni, maofisa wa serikali na wenye mashamba, hatuwezi kurudi nyuma sana kuliko hapo. Nyuma ya mwaka huo tuna kumbukumbu za vinywa: majina ya njaa, majina ya mafuriko, na masimulizi ya koo zilizohama kutafuta malisho. Hazina hiyo ni kubwa, wala haifai kudharauliwa. Lakini hata masimulizi yakihifadhiwa vyema yana ukomo wake.

Mto nao hauna ukomo huo. Kila msimu wa mvua huteremsha udongo hadi ziwani, na udongo huo ukifika penye maji yaliyotulia huzama polepole na kutandaa sakafuni. Pamoja nao huzama chavua ya maua iliyopeperushwa na upepo, chembe za mkaa wa mioto ya nyika, nta iliyofunika majani ya miti na nyasi, vichwa vya mabuu ya visubi, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho iitwayo dayatomu, ambayo magamba yake yameumbwa kwa madini kama ya kioo na kwa hiyo hayaozi upesi. Tabaka la mwaka huu hulala juu ya tabaka la mwaka jana, kama magunia yapangwavyo ghalani: lililotangulia kuingia ndilo lililo chini. Hayo ndiyo wataalamu wayaitayo mashapo. Mahali ambapo hakuna kilichoyavuruga, mashapo ni daftari lenye kurasa zilizofuatana.

Daftari hilo husomwaje? Watafiti hupanda jahazi dogo au chelezo, wakalitia nanga barabara, kisha wakashindilia bomba refu katika tope la chini na kulivuta juu likiwa limejaa. Mwaka 1955 mtaalamu Daniel Livingstone alieleza katika jarida la kisayansi chombo chepesi cha kazi hiyo, ambacho watu wawili au watatu waweza kukitumia kwa mikono. Baadaye yeye na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikitumia katika maziwa ya Afrika Mashariki. Bomba likishafika maabarani, tope lake hupasuliwa kwa urefu, kama mtoto wa Mumias apasuavyo mua, na ndani huonekana pingili baada ya pingili: nyeusi, kijivu, nyekundu, nyeupe.

Umri wa kila pingili hutafutwa kwa njia kadhaa. Mojawapo ni kaboni ya aina ya 14, ambayo huingia katika kila kilicho hai, na ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 tangu kiumbe hicho kilipokufa. Kwa njia hiyo twaweza kurudi nyuma hadi miaka 50,000 hivi. Zaidi ya hapo hutumika majivu ya volkano yaliyonaswa katika tope, pamoja na mbinu nyingine za fizikia. Baada ya kujua umri, watafiti huuliza maana. Ziwa likipungukiwa na maji, chumvi yake huzidi, na dayatomu wapendao maji matamu hupisha wale wavumilivu wa chumvi. Mvua ikikosekana, chavua ya miti ya msitu hupungua na ya nyasi huongezeka. Dalili moja pekee yaweza kudanganya. Lakini dalili tatu au nne zikitoa ushahidi wa namna moja, hata hakimu mkali atasikiliza.

Sasa na tumsikilize shahidi aliye karibu nasi zaidi, Ziwa Victoria lenyewe, linalopokea maji ya Nzoia. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni cha mita 80 hivi tu. Tena, takriban asilimia 80 ya maji liyapatayo hutoka moja kwa moja kwenye mvua inayolinyeshea, na sehemu kubwa ya maji liyapotezayo huenda angani kwa njia ya uvukizi. Maana yake ni kwamba ziwa hilo ni kipimo cha mvua kikubwa kuliko kipimo chochote ambacho mwanadamu angeweza kutengeneza. Mvua za mwishoni mwa mwaka 1961 zililifanya lipande zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, na mvua za miaka ya 2019 na 2020 zililifikisha tena kiwango kama hicho, watu wa Budalang'i na fuo nyingine wakahama makwao.

Lakini hayo ni mawimbi madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 na Thomas Johnson pamoja na wenzake ulionyesha kwamba chini ya tope laini la Ziwa Victoria, hata mahali penye kina kirefu kabisa, pana udongo mgumu wenye dalili za nyasi na mizizi. Udongo wa namna hiyo haufanyiki chini ya maji. Yaani, kabla ya miaka 15,000 hivi iliyopita, enzi ya mwisho ya barafu ilipokuwa ikielekea ukingoni, mahali hapo palipo na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika palikuwa bonde kavu lenye nyasi. Mto Nile Nyeupe haukuwa ukipata tone kutoka huko. Wanyama walilisha mahali ambapo leo wavuvi hutupa nyavu. Nimelisimulia jambo hilo mara kadhaa mbele ya wasikilizaji wa rika zote, na kila mara nimeona nyuso zikiniuliza kama ninatania. Sitanii.

Baada ya hapo mvua zilirejea, tena kwa kishindo. Misitu ilitanda upya kandokando ya ziwa, kama alivyoonyesha Robert Kendall mwaka 1969 kwa kuhesabu chavua kutoka ghuba ya Pilkington, Uganda. Katika Bonde la Ufa, maziwa ya Nakuru na Elmenteita yaliungana yakawa ziwa moja lenye kina kirefu. Naivasha lilifurika likamwaga maji kusini kupitia korongo la Njorowa, ambalo watalii wa leo hulitembelea wakiliita Hell's Gate. Na Turkana lilipanda hadi maji yake yakapata njia ya kwenda Nile. Hali hiyo ya unyevu ilidumu maelfu ya miaka, kisha ikafifia yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati Sahara nayo ilipokuwa ikirudi kuwa jangwa.

Hapa nasikia msomaji akinikatiza. Atasema: "Hayo yalikuwa mambo ya enzi ya barafu na mwisho wake. Sisi tunaishi katika kipindi cha joto kilichotulia. Yatuhusu nini?" Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, kwa hiyo nalijibu kwa kituo.

Historia ya dunia kwa muda wa miaka laki kadhaa iliyopita ni zamu ya vipindi viwili: enzi ndefu za barafu, na vipindi vifupi vya joto baina yake. Sisi tumo katika kipindi kimoja cha joto kilichoanza yapata miaka 11,700 iliyopita, na ustaarabu wote tunaoujua, tangu jembe la kwanza hadi treni, umezaliwa ndani yake. Barafu ya Greenland, ambayo nayo husomwa tabaka kwa tabaka, yaonyesha kwamba halijoto ya huko katika kipindi hiki imekuwa tulivu mno ikilinganishwa na misukosuko ya enzi iliyotangulia. Kutokana na hilo watu wengi wakahitimisha kwamba tabia ya nchi yote ya dunia imetulia vivyo hivyo. Hilo ndilo kosa. Utulivu wa halijoto ya Kaskazini si utulivu wa mvua ya Ikweta. Kwetu sisi uhai hautegemei sana kipimajoto, unategemea mawingu.

Ushahidi upo Naivasha, safari ya siku moja kutoka Mumias. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha historia ya mvua ya miaka 1,100 waliyoipata katika tope la kasoko iliyo kando ya Kisiwa cha Crescent. Walisoma matabaka, dayatomu na mabuu ya visubi. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1000 na mwaka 1270 hivi nchi ilikuwa kavu kuliko ilivyo sasa. Karne zilizofuata zilikuwa na mvua nzuri kwa jumla, lakini zilikatizwa mara tatu na ukame mrefu: kuanzia 1390 hadi 1420, kuanzia 1560 hadi 1625, na kuanzia 1760 hadi 1840. Ukame huo ulipita ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20. Na ingawa watafiti wale walikuwa wakisoma tope, walitazama pia masimulizi ya jamii za Afrika Mashariki, wakaona kwamba vipindi hivyo vyakaribiana na nyakati ambazo wazee husimulia habari za njaa, vurugu za tawala na uhamaji mkubwa. Kinywa cha mzee na tope la ziwa vilitoa ushahidi mmoja.

Ebu tuipime miaka hiyo kwa kipimo cha maisha ya mtu. Ukame wa kuanzia 1560 hadi 1625 ni wa miaka 65. Mtoto aliyezaliwa ulipoanza aliweza kuoa, kuzaa, kuwa babu na kuzikwa, asijue mvua nzuri ni kitu gani. Mtoto huyo angepewa kitabu chetu cha jiografia chenye wastani wa miaka thelathini, angesema kwamba ukavu ndio tabia ya nchi yake. Nasi tuliozaliwa katika zama za mvua twasema kinyume chake, kwa ujasiri ule ule na kwa ushahidi mfupi ule ule.

Naivasha si Mumias, nakiri. Mvua ya Bonde la Ufa na ya nyanda za Nzoia hazifanani, na maziwa ya Afrika hayakukauka wala kufurika yote kwa siku moja. Hata hivyo, tukumbuke jinsi mji huu ulivyopata jina. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu iliyokuwa ikienda Uganda ilitua kwa Mumia, Nabongo wa Wawanga, kwa sababu hapa palikuwa na chakula cha kuuza na mahali pa kupumzika. Wazungu waliofuata njia hiyo, akiwamo Joseph Thomson aliyefika upande huu mwaka 1883, walinufaika na wingi huo huo. Baina ya mwisho wa ukame mrefu wa tatu wa Naivasha na safari ya Thomson ni miaka arubaini na ushei tu. Sidai kwamba ukame ule uliikumba Wanga kwa kiasi kile kile. Ninachodai ni kwamba heshima ya mji huu ilisimama juu ya ghala lililojaa, na ghala lilisimama juu ya mvua, na mvua haikuwahi kumtilia mtu yeyote sahihi.

Kama kipindi chetu cha joto kimekuwa na misukosuko hiyo, je, vipindi vya joto vilivyotangulia vilikuwaje? Ili kujibu swali hilo inahitajika mitambo mikubwa zaidi ya ule mrija wa Livingstone, maana tope la kale limezama chini sana. Mwaka 2005 watafiti walichimba katika Ziwa Malawi, ambalo kina chake hupita mita 700. Walikuta kwamba katika muda wa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, muda ambao ndani yake mna kipindi cha joto kilichotangulia hiki chetu, palitokea ukame wa kutisha uliorudia zaidi ya mara moja. Ziwa hilo lilishuka kwa mamia ya mita, na katika ukame uliozidi yote lilipoteza asilimia 95 au zaidi ya maji yake. Sababu kubwa haikuwa barafu ya Ulaya. Ilikuwa mayumbo ya dunia yenyewe katika mhimili wake, ambayo kwa mizunguko ya miaka ipatayo 20,000 huongeza na kupunguza nguvu ya jua katika majira mbalimbali, na hivyo kuimarisha au kudhoofisha pepo za msimu ziletazo mvua.

Mwaka 2016 ikaja zamu ya Ziwa Chala, ziwa dogo la kasoko chini ya Kilimanjaro, lililogawanywa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wengine huliandika Challa. Huko lilipatikana tope la takriban mita 215 chini ya sakafu ya ziwa, lenye historia isiyokatika ya miaka ipatayo 250,000. Tope hilo lapita katika kipindi hiki cha joto, likapita katika enzi ya barafu, likapita katika kipindi cha joto kilichotangulia, na kuendelea nyuma zaidi. Kwa mara ya kwanza twaweza kuweka vipindi kadhaa vya joto vya mahali pamoja kando kwa kando, kama mwalimu awekavyo karatasi za mtihani za mwanafunzi mmoja kwa miaka mitatu, akaona ni tabia ipi ya kudumu na ni ipi ya kupita.

Utafiti wa Chala uliochapishwa mwaka 2023, unaohusu miaka 75,000 ya mwisho, umetoa funzo ambalo kila mwanafunzi angefaa kulisikia. Katika enzi ya barafu, joto lilipoongezeka unyevu nao uliongezeka. Lakini dunia ilipoingia katika kipindi chetu cha joto, uhusiano huo uligeuka: joto lilipozidi, nchi ilikauka, kwa kuwa uvukizi ulipita kile ambacho mvua iliweza kurudisha. Matokeo hayo yahusu upande wa Bahari ya Hindi na Pembe ya Afrika, wala siyabandiki juu ya Mumias bila kufikiri. Lakini yatufundisha kwamba kanuni iliyofaa jana si lazima ifae kesho, na kwamba ubashiri ulioandikwa kwa kompyuta unahitaji kupimwa kwa kile kilichokwisha kutokea.

Kuna hoja moja ambayo husemwa sana mitaani na yafaa kuondolewa. Husemwa: "Ikiwa ziwa lilikauka kabla ya kuwapo gari hata moja, basi mabadiliko ya leo si kosa la binadamu." Hoja hiyo ina sura nzuri na tumbo tupu. Mtu aliyewahi kuanguka bila kusukumwa hawezi kudai kwamba kusukumwa hakuwezi kumwangusha mtu. Ziwa likikauka kwa sababu ya mabadiliko madogo ya miale ya jua, maana yake ni kwamba mizani ya mvua yetu ni nyepesi na huinama kwa kuguswa kidogo. Sasa sisi hatuigusi kidogo. Barafu ya Antaktika yatuambia kwamba katika miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda, hewa ya kaboni-dayoksaidi haikuwahi kupita sehemu 300 katika milioni; leo imepita 420. Mwenye mizani nyepesi akimwona mtu anakuja na gunia begani, hapaswi kutulia kwa kuwa mizani iliwahi kuinama yenyewe.

Basi tufanye nini sisi tulio darasani? Kwanza, tuache kufundisha wastani wa miaka thelathini kama amri ya mbinguni. Ni kipimo cha kazi, kilichokubaliwa ili mataifa yaweze kulinganisha takwimu zao. Hakikukusudiwa kuwa historia. Mwanafunzi akikariri wastani bila kujua upana wa mabadiliko, ni kama mtu aliyeambiwa kwamba mto una kina cha wastani wa mita moja, akauvuka kwa miguu akazama.

Pili, tufundishe jinsi elimu inavyopatikana, si majibu yake tu. Jaribio lake halihitaji maabara ya fahari. Chukua chupa pana ya kioo yenye maji, mimina mchanga, subiri utulie. Mimina udongo mwekundu, subiri. Mimina majivu, kisha mfinyanzi. Baada ya siku chache mwite mwanafunzi ambaye hakuwapo, mwambie aeleze ni kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Akiweza kujibu, amekwisha kuelewa kanuni inayotumika Chala na Malawi. Tena kila shule iwe na kopo la kupimia mvua na daftari lake, na wanafunzi wakirudi nyumbani wawaulize wazee majina ya njaa na mafuriko, wayaandike kwa miaka. Naivasha imetuonyesha kwamba masimulizi hayo ni ushahidi, si porojo.

Tatu, elimu hiyo itoke darasani iende shambani. Mua wa Mumias hauna mifereji ya kuunyweshea. Hunywa mvua ya Mungu, na hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukatwa. Kijiji kinachoweka riziki yake yote katika mmea mmoja wa namna hiyo kimeweka dau kwamba mvua itabaki kama baba zetu walivyoizoea. Tope la ziwa halisemi kwamba dau hilo litapotea mwaka ujao. Linasema kwamba katika karne kumi na moja zilizopita dau la namna hiyo lingepotea zaidi ya mara moja, na kwa muda mrefu kuliko ambavyo mkopo wowote ungeweza kuvumilia. Mwenye kusikia hilo atapanda mihogo na mtama kandokando, atahifadhi miti, atachimba bwawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Narudi darajani. Udongo ule mwekundu tulioutazama ukipita asubuhi ile nao unaandikwa. Tope la juu kabisa la Ziwa Victoria limekwisha kusomwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba rutuba iliyosombwa kutoka mashambani ilianza kuyabadilisha maji ya ziwa hilo katika miaka ya kati ya 1920 na 1940, na kwamba kufikia miaka ya 1960 maji ya kina kirefu yalikuwa yameanza kukosa hewa ya oksijeni, kiasi cha kuwadhuru samaki. Ukurasa huo si wa jua wala wa mhimili wa dunia. Ni mwandiko wetu: mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, miti iliyokatwa, makinga maji yaliyoachwa yabomoke.

Kwa hiyo, binti yangu, uliyeniuliza ni nani aliyekuwa akiandika, jibu sahihi ni hili: mto ulikuwa ukiandika, nao haujaacha. Miaka elfu moja baadaye mtu fulani atashusha bomba lake ziwani, apasue tope, na akifika kwenye pingili yetu atajua tulipata mvua kiasi gani. Atajua pia tuliufanyia nini udongo tuliopewa. La mvua hatuna uwezo nalo peke yetu. La udongo tunalo. Nisamehe kwa jibu langu la kwanza.